Uzuri wa mkakasi: Mboga inayonawiri katika udongo wa sumu

Majuma machache yaliyopita nilialikwa na shule moja ya upili iliyo viungani mwa jiji la Nairobi kuzungumza na wanafunzi kuhusu istilahi za Kiswahili katika masomo ya sayansi. Baada ya mazungumzo, mwalimu wa kilimo wa shule hiyo, ambaye tulisoma naye tangu udogo wetu, alinishika mkono akanipeleka nyuma ya madarasa kunionyesha bustani ya mboga. Bustani ilipendeza ajabu. Sukuma wiki ilikuwa na majani mapana ya kijani kibichi, mchicha umefumana, na mnavu umechanua vijiua vyake vyeupe. Lakini nyuma ya ua palikuwa na banda la mafundi wa jua kali ambao huvunja betri kuukuu za magari ili kupata risasi iliyomo ndani, na kila mvua inaponyesha, maji ya bandani humiminikia bustanini.

Mwalimu alikuwa amekwisha kuwaeleza wanafunzi wake kwamba anautilia shaka udongo ule. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, ikiwa udongo huu una sumu, mbona sukuma haijafa?" Wenzake waliangua kicheko, ila mwalimu hakucheka. Alinigeukia akaniambia kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, hilo ndilo swali ambalo hata mwalimu mkuu aliniuliza, nami sikumjibu akaridhika. Mboga hizi ndizo wanazokula wanafunzi wa bweni siku tano kwa juma."

Msomaji mpenzi, swali la msichana yule halikunitoka akilini. Ndani yake mna imani ambayo karibu sote tunayo: kwamba mmea ni mlinzi wetu, kwamba ukinawiri basi chakula ni salama, na kwamba penye sumu utanyauka ili kutuonya. Mimi ni mwanaisimu, wala sidai ubingwa wa elimu ya mimea. Hata hivyo, nimejitahidi kusoma yaliyoandikwa na wataalamu na kuwauliza wenzangu wa kitivo cha sayansi, na jambo nililolifahamu ni hili: mmea unaokabiliwa na metali nzito hujitetea, na baadhi ya mbinu zinazouokoa mmea ndizo hasa zinazotuponza sisi tunaoula. Wahenga walisema kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Afadhali kipande cha mti kuliko risasi.

Mtego wa maneno

Na tuanze na maneno, kwa kuwa mara nyingi upotofu wa fikra huanzia katika upotofu wa neno. Wanafunzi wetu hufundishwa tangu shule ya msingi kwamba mwili huhitaji "madini" kama vile chuma na kalisiamu, na kwamba mboga za majani ni hazina ya madini hayo. Mtu akiwaambia kwamba mboga fulani ina "madini mazito", yamkini watadhani anaisifu! Ndiyo maana napendelea istilahi "metali nzito". Humo wataalamu hutia risasi, kadimiamu, zebaki, shaba, zinki, nikeli na kromiamu. Aseniki nayo huhesabiwa pamoja nazo kwa sababu ya ukali wake, ingawa si metali kamili.

Metali hizi si za tabia moja. Shaba, zinki na nikeli huhitajiwa na mmea kwa kiasi kidogo mno, na bila hizo mmea hudhoofika. Zikizidi, huwa sumu. Kadimiamu, risasi, zebaki na aseniki hazina kazi yoyote inayojulikana katika mazao yetu. Zikiingia, zimeingia kama maharamia.

Neno "risasi" lenyewe lastahili kutazamwa. Limetujia kutoka Kiarabu, na katika Kiswahili lina maana mbili: ile metali laini ya rangi ya kijivu, na kile kitu kitokacho katika mtutu wa bunduki. Watu wengi leo husikia maana ya pili tu. Risasi ya bunduki ina mlio, na anayepigwa hujua kwamba amepigwa. Risasi ya udongoni haina mlio. Mtoto huila kidogo kidogo, akapungua akili na usikivu darasani, na mwalimu akamwita mvivu.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba metali haiozi. Taka za jikoni huoza zikawa mboji, na dawa nyingi za wadudu huvunjikavunjika baada ya muda, ijapokuwa nyingine huchukua miaka mingi. Metali ni elementi. Haina kitu kidogo zaidi cha kuvunjikia ndani ya udongo. Iliyoangukia shambani hubaki pale mpaka ichukuliwe na maji, na upepo, na mmomonyoko au na mmea. Moto wa jikoni pia hauiwezi. Kuchemsha mboga huua vijidudu, lakini hakuui metali.

Mlango wa mizizi

Metali huingiaje katika mmea? Mzizi hauchukui kila kitu ovyo. Katika utando wa seli zake mna protini zinazofanya kazi kama milango, kila mlango ukiwa na wageni wake: huu wa zinki, ule wa chuma, ule wa manganisi, mwingine wa fosfati. Taabu ni kwamba milango hii humtambua mgeni kwa umbo na chaji yake, na wako wageni wanaofanana. Kadimiamu hufanana na zinki na manganisi, nayo hupita katika milango yao. Aseniki iliyo katika umbo la aseneti hufanana na fosfati, nayo huingia pamoja na chakula hicho muhimu cha mmea. Katika mashamba ya mpunga yaliyojaa maji aseniki hubadilika umbo, ikapita katika mlango wa silika, ambayo mpunga huihitaji kwa wingi. Kwa hiyo mmea haukuitafuta sumu. Ulitafuta chakula, na mwizi akaingia akiwa amevaa kanzu ya mgeni.

Hali ya udongo nayo ina sauti kubwa katika jambo hili. Udongo wenye asidi nyingi huifungua metali kutoka katika chembe za udongo na kuiyeyusha majini, ambako mzizi huipata kwa urahisi. Udongo wenye chokaa na mboji huishikilia. Mashamba mawili yanaweza kuwa na kiasi kilekile cha kadimiamu, lakini mboga za shamba moja zikawa na kadimiamu mara kadhaa kuliko za jingine. Ndiyo sababu wataalamu husisitiza kwamba anayepima metali katika udongo apime asidi pia.

Mmea unavyojitetea

Sasa tufike kwenye kiini cha swali la yule msichana. Mmea hauna miguu ya kukimbilia. Ulipoota ndipo utakapofia, na kwa hiyo umejaliwa mbinu za kupambana pale pale uliposimama.

Mbinu ya kwanza ni kumzuia adui mlangoni. Kuta za seli za mzizi hunasa sehemu ya metali kabla haijaingia ndani. Isitoshe, mizizi ya mimea mingine hutoa asidi za kikaboni zinazoishika metali nje kabisa, katika udongo. Mbinu hii imechunguzwa sana kuhusu aluminiamu, ambayo si metali nzito lakini husumbua mazao katika udongo wenye asidi, ukiwemo ule wa sehemu za magharibi mwa Kenya. Ngano huitolea asidi ya maliki. Mtama na mahindi hutoa asidi ya sitriki, ile ile iliyo katika ndimu. Risasi nayo, kwa sehemu kubwa, huzuiliwa mizizini. Ni kidogo tu inayopanda hadi kwenye jani.

Mbinu ya pili ni kumtia adui pingu. Mnamo mwaka wa 1985 watafiti wa Ujerumani, Erwin Grill, Ernst-Ludwig Winnacker na Meinhart Zenk, walieleza kuhusu minyororo midogo ya protini ambayo seli za mmea huitengeneza zinapokutana na kadimiamu na metali nyinginezo. Waliiita fitokelatini. Mwanaisimu hawezi kulipita jina hili bila kulisalimu. Sehemu yake ya kwanza ni neno la Kigiriki lenye maana ya mmea. Ya pili imetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gando, yaani ule mkono wa kaa wenye koleo. Watu wa pwani hawahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa wanajua gando la kaa linavyoshika. Minyororo hii ina salfa nyingi, na salfa hiyo huibana metali isiweze kuzurura na kuharibu seli.

Mbinu ya tatu ni kumfungia mfungwa ghalani. Katikati ya seli ya mmea mna kifuko kikubwa cha maji kiitwacho vakuoli. Metali iliyokwisha kutiwa pingu husukumwa humo na mlango ukafungwa. Kazi za seli huendelea nje ya ghala: klorofili hunasa mwanga, vimeng'enya hufanya shughuli zao, na jani huzidi kupanuka na kupendeza. Mbinu ya nne ni kuzima moto, kwa maana metali zilizoponyoka pingu huzusha chembechembe za oksijeni zilizo kali mno, nazo huunguza utando wa seli. Mmea hutengeneza vimeng'enya na vitamini kama vile vitamini C ili kuzituliza.

Hapo ndipo lilipo jibu. Sukuma haikufa kwa kuwa haikuiacha sumu izurure. Iliikamata, ikaifunga, ikaihifadhi mahali pake. Lakini mahali hapo, msomaji mpenzi, mara nyingi ni jani, na jani ndilo tunalolikata, tukalikaanga na kulila na ugali. Vakuoli ni ghala salama kwa mmea tu. Tumboni mwetu ghala hubomolewa na wafungwa wote wakaachiliwa.

Ulinzi unaposhindwa

Nisije nikaeleweka kwamba mmea haudhuriki kamwe. Metali ikizidi nguvu za ulinzi, dalili huonekana. Mzizi ndio unaoumia kwanza: huwa mfupi, mnene, wenye rangi ya kahawia na vinyweleo vichache. Baadaye majani hugeuka manjano, kwa sababu metali hizi huzuia chuma na manganisi kufika zinakohitajiwa, na pia huvuruga utengenezaji wa klorofili. Mpunga ulioathiriwa na aseniki huweza kusimamisha masuke wima hadi wakati wa mavuno, na mkulima asiyejua akashangilia. Masuke hayo husimama kwa sababu ni matupu. Suke lenye punje huinama.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa gharama ndogo. Na aoteshe maharagwe katika vikopo viwili, kimoja akikinywesha maji matupu, kingine maji yenye mrututu kidogo sana, ambao ni chumvi ya shaba. Baada ya siku chache wanafunzi walinganishe mizizi. Mrututu wenyewe ni sumu, kwa hiyo ushikwe na mwalimu, na mimea ile isiliwe. Wanafunzi wakumbuke pia kwamba dawa za shaba zimenyunyiziwa mikahawa ya nchi hii kwa miongo mingi ili kuzuia magonjwa ya ukungu, na kwamba shaba hiyo hubaki katika tabaka la juu la udongo hata mikahawa ing'olewe na mahindi kupandwa mahali pake.

Ugumu ni kwamba dalili hizi hufanana na za njaa ya kawaida ya mmea. Jani la manjano laweza kusema "nimekosa chuma" au "nina zinki kupita kiasi" au "nimechoka kwa kiu". Katika isimu tungesema ishara moja ina maana nyingi, na muktadha ndio unaoamua. Mkulima huona manjano akaongeza mbolea, kumbe mzizi umeungua. Na kibaya zaidi, baadhi ya mimea hufikia viwango vya kadimiamu visivyomfaa mlaji kabla haijaonyesha dalili yoyote.

Iko mimea ambayo imefikia kilele cha ustahimilivu huu. Katika kisiwa cha New Caledonia kuna mti ambao utomvu wake ni wa rangi ya samawati na kijani kwa wingi wa nikeli. Huko Katanga, nchi ya Wakongo wenzetu wanaosema Kiswahili, na ambayo kati ya 1971 na 1997 iliitwa Shaba kwa jina la metali yake, kuna ua liitwalo Haumaniastrum katangense ambalo huota mahali penye shaba nyingi mimea mingine isipoweza. Wataalamu wa mambo ya kale wamelitumia ua hilo kugundua mahali ambapo mababu waliyeyusha shaba. Nchini Uingereza, Anthony Bradshaw aliandika mwaka wa 1952 kuhusu nyasi zilizoota juu ya taka za mgodi wa Wales zenye risasi na zinki, huku nyasi za aina ile ile kutoka malisho ya kawaida zikishindwa kustawi humo. Mimea hii yatufundisha kwamba kunawiri kwa mmea ni habari ya mmea wenyewe. Si cheti cha afya kwa mlaji.

Funzo kutoka Japani

Iwapo yuko asiyesadiki, na atazame bonde la mto Jinzu katika mkoa wa Toyama, Japani. Taka za mgodi wa Kamioka zilitiririka katika mto huo kwa miaka mingi, na maji ya mto yakatumiwa kunyweshea mashamba ya mpunga. Taka zilikuwa na kadimiamu. Mpunga uliinyonya, ukaipeleka kwenye punje, na watu wakala wali. Hapakuwa na ladha wala harufu ya kuwashtua.

Walioumia zaidi walikuwa wanawake wa makamo na wazee waliozaa watoto wengi. Figo ziliharibika, mifupa ikalainika hata ikavunjika kwa kikohozi. Ugonjwa ule haukupewa jina la mdudu wala la daktari. Uliitwa itai-itai, kilio cha wagonjwa wenyewe, ambacho kwa Kijapani ni kama kusema "naumia, naumia". Katika taaluma yangu sijui jina la maradhi linalochoma moyo kuliko hilo. Mwaka wa 1968 serikali ya Japani ilikiri rasmi kwamba chanzo kilikuwa kadimiamu iliyotoka mgodini. Kazi ya kuondoa na kufunika udongo ulioharibika katika bonde hilo ilichukua zaidi ya miaka 30, ikakamilika mwaka wa 2012.

Mwaka huo huo wa 2012 watafiti wa Japani walitangaza kwamba walikuwa wamepiga mbegu za mpunga aina ya Koshihikari kwa miali ya ioni na kupata mimea ambayo punje zake karibu hazina kadimiamu. Walipochunguza waliona kwamba mlango mmoja wa mzizi, ule ambao kazi yake ni kupitisha manganisi, ulikuwa umeharibika. Mwizi alikosa pa kupitia. Hii ni habari njema, kwani inaonyesha kwamba kuujua mlango ni nusu ya kuufunga. Ila pana tahadhari pia: mkulima akigharikisha shamba la mpunga ili kupunguza kadimiamu, aseniki hufunguka zaidi.

Kwetu Kenya

Sisi nasi tuna habari zetu. Kwa miongo kadhaa magari yetu yalitumia petroli yenye risasi. Serikali za Afrika kusini mwa Sahara ziliazimia mjini Dakar mwaka wa 2001 kuiacha, na kufikia mwanzoni mwa 2006 ikawa imeondolewa. Hilo lilikuwa jambo la kupongezwa sana. Lakini risasi iliyokwisha kutemwa kandokando ya barabara haikuondoka kwa sheria. Metali haiozi, na sehemu yake ingali katika udongo ambamo tunaona sukuma wiki, mchicha na nduma zikilimwa.

Mwaka wa 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako hapa Nairobi, lilitoa ripoti kuhusu jaa la taka la Dandora. Kati ya watoto 328 waliopimwa, nusu walikuwa na risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa kimataifa wakati huo. Mto Nairobi hupita karibu na jaa hilo, na wako wakulima wanaotumia maji ya mto na maji taka kunyweshea mboga. Huko Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru walidhuriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu iliurejesha uamuzi huo Desemba 2024. Banda la nyuma ya shule ya rafiki yangu ni dogo sana likilinganishwa na kiwanda, lakini risasi iliyomo ni ile ile.

Naomba nisidhaniwe kwamba nawashtaki akina mama wauza mboga. Mboga za vishamba vya mjini hulisha maelfu ya maskini na kuwalipia watoto karo. Ni rahisi kwa mtu mwenye mshahara kusema kilimo hicho kipigwe marufuku. Ni vigumu zaidi kumwambia mjane atakula nini kesho. Mkulima huyo hakuweka risasi katika petroli, wala hakujenga kiwanda juu ya mto.

Tufanye nini?

Kwanza, tutenganishe metali na metali. Risasi iliyo kwenye mboga ya kando ya barabara kwa sehemu kubwa ni vumbi na matope yaliyorukia jani, kwa kuwa inayopanda kutoka mzizini ni kidogo. Kuosha majani kwa maji safi mara kadhaa, na kumenya viazi na karoti, hupunguza sehemu kubwa ya risasi hiyo. Kadimiamu iko ndani ya jani, wala haioshwi. Kwa hiyo asitokee wa kutuambia kwamba maji ya mfereji yatatatua yote.

Pili, tuchague cha kupanda. Kwa kawaida metali hujikusanya zaidi katika mizizi na majani kuliko katika matunda na mbegu. Mchicha na spinachi huvuta kadimiamu kwa wepesi. Mnavu wa aina ya Solanum nigrum uliripotiwa na watafiti wa China mwaka wa 2005 kuwa mlimbikizaji mkubwa wa kadimiamu. Mnavu tunaokula hapa ni wa ukoo huo huo, na wataalamu wetu wangefanya vyema kuupima. Tumbaku nayo huirundika kadimiamu katika jani, na ndiyo sababu moja ya wavutaji sigara kuwa na kadimiamu nyingi mwilini kuliko wasiovuta. Katika ardhi yenye shaka, maharagwe, nyanya au mahindi ni afadhali kuliko mboga za majani, na miti ya kuni ni afadhali zaidi.

Tatu, tuutibu udongo. Chokaa hupunguza asidi, na samadi na mboji huishikilia metali isiyeyuke. Dawa hizi hazihitaji ndege ziletwe kutoka ng'ambo. Mbolea za fosfati nazo zichunguzwe, kwa maana baadhi ya miamba zinakotengenezwa ina kadimiamu. Katika Umoja wa Ulaya kikomo kilianza kutumika mwaka wa 2022. Mkulima wetu naye ana haki ya kujua anachonunua.

Nne, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, tupime. Tume ya Codex, inayoweka viwango vya chakula duniani, imeruhusu miligramu 0.3 za risasi na 0.2 za kadimiamu katika kila kilo ya mboga za majani. Kiasi hicho ni kidogo hivi kwamba hakuna jicho, pua wala ulimi unaoweza kukitambua. Ni maabara pekee. Vipimo vya udongo ambavyo wakulima wetu huvizoea hutafuta rutuba na asidi. Metali nzito lazima iombwe kwa jina lake, na gharama yake ni kubwa kwa mkulima mdogo. Serikali za kaunti, ambazo kilimo ni jukumu lao, zigharimie upimaji wa vishamba vya kando ya mito, barabara na majaa, na matokeo yabandikwe sokoni kwa Kiswahili kinachoeleweka. Kadimiamu hukaa katika figo za binadamu kwa miaka 10 hadi 30 kabla nusu yake haijatoka. Atakayengoja dalili amechelewa.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja. Mada ya madini katika mtalaa ifundishwe pamoja na upande wake wa pili. Mwanafunzi anayejua kwamba zinki ni chakula cha mmea ajue pia kwamba kadimiamu huingia kwa mlango wa zinki. Maarifa hayo hayahitaji chombo cha bei, na yatamfuata hadi kwenye shamba la mamake.

Juzi nilizungumza kwa simu na rafiki yangu yule. Alinieleza kwamba mwalimu mkuu amekubali bustani isivunwe kwa muda, na sampuli za udongo na majani zimepelekwa maabara. Jikoni wananunua kabichi, na mhasibu wa shule ananung'unika. Matokeo hayajafika. Nilimwuliza alimjibu nini yule msichana. "Nilimwambia," akasema, "sukuma haijafa kwa sababu imejifunza kuishi na sumu. Wewe hujajifunza."